Majivu Niliyokushauri

Mpemba, Tunduma
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Ketrina,

Pokea salamu kutoka huku mpakani. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kasama ukiwa mzima, na kwamba magoti yamepunguza usumbufu. Sisi hatujambo, ila miguu yangu ilivimba mwezi uliopita, na niliyojifunza hapo ni marefu; ndiyo sababu nimeacha simu nikachukua kalamu.

Mahindi yamekauka vizuri. Malori yamepanga foleni mpaka mlangoni kwetu, kama kawaida.

Ulipoambiwa una presha upunguze chumvi, mimi ndiye niliyekuandikia uiache kabisa ya dukani, urudie ile ya mama: kuchoma maganda ya maharage, kuchuja majivu kwenye chungu chenye matundu, na kupikia mboga maji yale. Nilisema mama hakuwahi kuugua presha. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumpima.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Tangu niondoke Mbozi mwaka 1979 sikuwa nimekula mboga iliyonukia vile. Nadhani nilikuwa natamani jiko la mama, nikaliita tiba.

Miguu ilipovimba, Violet, mke wa Zabron wangu, alinipeleka zahanati. Muuguzi, binti anayeitwa Gwantwa, aliuliza kama natumia chumvi. Nikajibu sitii hata chembe.

"Baba, mweleze na habari ya majivu yako," Violet akasema, akicheka.

Gwantwa hakucheka. "Mzee wangu, hayo nayo ni chumvi. Tofauti ni kwamba hayauzwi dukani."

Nilipopimwa damu, figo zangu zilionekana zimechoka. Daktari alinieleza kuwa majivu yana chumvi ya aina nyingine, potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika. Alisema baadhi ya vidonge vya presha huiongeza. Wewe unakunywa vidonge, na sijui ni vya aina gani.

Kuhusu chumvi ya dukani, nimesoma pande zote. Wengine wanashauri isizidi kijiko cha chai kwa siku, katika vyakula vyote. Wengine wanadai kuipunguza mno nako kuna hasara. Bado wanabishana. Lakini kwa mwenye presha wengi wanakubaliana: apunguze. Kuiacha kabisa sikupaswa kukushauri. Unawakumbuka shangazi zetu walivyokuwa na rovu shingoni, kabla chumvi haijatiwa madini joto.

Basi, mdogo wangu, mwaga maji ya chungu kile leo. Nenda kliniki na vidonge vyako mkononi, uwaambie umekuwa ukila majivu tangu Desemba, wakupime na figo. Usione aibu, sema ni kaka yako.

Najua ulivyo. Kwetu neno la kaka mkubwa halipingwi, na nasikia shemeji Dennis alipokukataza ulimjibu kuwa Anania amesoma kuliko yeye. Neno langu la majivu nimelifuta. Ukiendelea kulitii, hutakuwa unaniheshimu.

Wasalimie Atupele na wanawe. Violet na Zabron wanakusalimu sana. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Shemeji Dennis msomee barua hii yote, hasa hapa: shemeji, ulikuwa sahihi, nami nilikosea.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Anania