Ulisema Ni Jiwe la Kusugulia Visigino

Mama yangu mpendwa,

Neno "mpendwa" nimeliandika huku nasaga meno, ulijue hilo mapema. Leo sikuulizi hali. Dua zako nazileta kila siku kama inavyonipasa, lakini barua hii si dua. Hii ni hasira ya miezi minne, na nimeamua kuiandika wazi, kila anayejua kusoma aisome, maana mambo ya kunong'onezana nyuma ya mlango yamenikinaisha.

Jana nilikwenda Matonge, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles hapa Brussels, kwa Maman Sifa, yule Mkongomani wa Bukavu anayeuza ndagala karibu na saluni za kusuka. Sikuwa nimetia mguu pale tangu tukuzike. Aliponiona akaacha kupima samaki, akanishika mikono yote miwili. "Pole, mutoto wangu. Pole sana." Nikaitikia. Ningeondoka na ndagala zangu salama, lakini akaongeza: "Maman alikuwa anakuhurumia sana, wee. Alituambiaka: Hadija asijue kwanza, ule mutoto anachoka, alishaosha batu ya kutosha. Si ulijisemea mwenyewe kule ku bahari?"

Mama! Muuza ndagala! Ugonjwa wako ulijulikana na muuza ndagala, na wasusi waliokuwa wamekaa naye, ambao ghafla wote wakaanza kutazama kucha zao. Mimi mwanao, tuliolala ukuta kwa ukuta, mimi ambaye kazi yangu ni kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, sikujua. Niliacha samaki juu ya meza nikatoka. Nilikuwa nimeshapanda barabara ya Chaussée d'Ixelles mpaka kituo cha Porte de Namur ndipo nikatambua kwamba najisemea peke yangu kwa sauti, na watu wananipisha.

Na hapo ndipo nilipokumbuka nilichokwambia kule baharini.

Tuanze mwanzo, kwa sababu wewe ulipenda mtu aanze mwanzo. Bibi mmoja ninayemhudumia mtaa wa Etterbeek alikuwa na kalenda ya ukutani, na mwezi wa Agosti ulikuwa na picha ya ghuba ndogo ya Kroatia: kokoto nyeupe, misonobari imeinamia mawe, maji unayaona mpaka chini. Mwaka ulipoisha akanipa ukurasa ule, nikaubandika kwenye friji. Ulikaa pale miaka miwili, na kila ukitoa maziwa ulikuwa ukiukosoa. "Hakuna hata mchanga. Watu wa huko wanakalia mawe?" Halafu asubuhi moja ya Aprili, unakoroga chai, ukasema: "Nipeleke pale."

Ulisema kawaida tu, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Wewe, ambaye miaka yote ya Brussels hukuwahi kuomba kupelekwa popote ila msikitini na kwa Maman Sifa! Nilifurahi nusura nikumwagie chai. Sasa najua kwamba wiki ile ile daktari alikuwa amekwambia. Ulikwenda kwake na Fatiha, jirani yetu Mmoroko wa ghorofa ya pili, ambaye Kifaransa chake na chako mkivijumlisha havifiki kimoja. Huyo ndiye uliyemchukua akutafsirie habari ya kifo chako. Mimi niliporudi kazini nikaambiwa mlikwenda sokoni kutafuta vitunguu. Na vitunguu vilikuwepo kweli mezani, kilo nzima. Ulijipanga, mama.

Juni tukaenda. Ndege, kisha basi linalofuata pwani, kisha zile ngazi za mawe za kushuka hadi majini. Ulishuka polepole, kila baada ya hatua chache unasimama, unasema unatazama mandhari. Mandhari! Ulikuwa unatafuta pumzi, na mimi nakupiga picha, nakwambia cheka kidogo basi.

Kule chini ghuba yenyewe haikuzidi uwanja wa shule yetu ya Buyenzi kule nyumbani. Kokoto zilikuchoma nyayo. Ukatoa mkobani soksi nzito za baridi ulizokuja nazo kutoka Brussels, ukazivaa, ukapandisha kitenge hadi magotini na ukaingia baharini na soksi zako, watoto wa Kizungu wanakutumbulia macho. Ukaonja maji kwa kidole. "Chumvi tupu! Bon, sisi Mungu alitupa Ziwa Tanganyika, hawa akawapa supu." Wimbi likirudi, kokoto zilikuwa zinasuguana chini ya maji kama mchele kwenye ungo. Ukafumba macho ukasikiliza. Nilikuwa na furaha, mama. Nataka ulijue hilo pia. Nilikuwa na furaha sana, na ndiyo maana leo najiona mjinga.

Tukakaa kivulini. Ukaniuliza habari za kazi, nikajibu juu juu. Kisha ukasema, na sasa nalikumbuka neno kwa neno: "Hadija, ikitokea mtu wa nyumbani akaugua..." Sikukuacha umalize. Nilikuwa nimelala chali, kofia usoni. Nikasema, "Mama, tafadhali. Wiki hii sitaki kusikia habari ya mgonjwa yeyote. Nimechoka kuosha watu."

Kokoto zikaendelea na mchele wao. Ukasema, "Haya. Pumzika, mwanangu." Kisha ukainuka, nikakusikia unakwenda, unainama, unarudi. Nilipoondoa kofia ulikuwa na jiwe mkononi, bapa, jeupe, linaenea kiganja sawasawa. Unalipapasa tu. Nikakuuliza ni la nini.

"La kusugulia visigino."

Astaghfirullah, mama, hata uongo wenyewe hukuufanyia kazi! Jiwe laini kama sabuni iliyotumika lingesugua kisigino gani? Wiki iliyopita nimelijaribu, kwa hasira tu. Nimekaa ukingoni mwa bafu nikasugua mguu mpaka mkono ukaniuma, nalo linateleza. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekubana pale pale. Mimi nikasema "sawa", nikakuomba chupa ya maji.

Septemba ukaanguka jikoni. Nilipofika hospitali na sare yangu ya kazi, Fatiha alikuwa ameshafika, amekushikia jiwe lile juu ya kifua. Mikono yako imejaa mipira ya dripu, nawe unaligusa kwa viganja, unapaka uso, unapaka mikono. Unatayamamu ili usali. Nilisimama mlangoni sielewi. Sisi Buyenzi tulifundishwa kwamba asiyeweza kutia udhu kwa maji atatayamamu kwa udongo wenye vumbi, na wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka Fatiha kwa jiwe alilotumia marehemu mumewe alipokuwa hospitali. "Jiwe limeoshwa mpaka linang'aa, vumbi liko wapi?" Fatiha akanieleza kwamba kwao ndivyo walivyo, mgonjwa anakuwa na jiwe lake, na kwamba wewe ulimwambia tangu Aprili: siku zikija za kushindwa kufika kwenye maji, na wewe utakuwa na lako, tena utakwenda kulichagua mwenyewe, kuna mahali umepaona kwenye picha. Alinieleza kwa fahari. Maskini, alidhani najua.

Kwa hiyo ulikwenda kule na mambo mawili, kuokota jiwe na kuniambia mimi. Ukarudi umefanya moja.

Nilikuuliza, "Tangu lini, mama?" Ukasema, "Tuliza roho." Tuliza roho! Siku kumi na moja ulikaa pale, na kila asubuhi mabinti wa zamu walipoingia na beseni, nilikunja mikono ya nguo nikasogea, nawe ukasema, "Acha, wapo wa kazi. Nenda kapumzike." Mbele yao! Mmoja akanitabasamia kwa huruma, akavuta pazia. Nikabaki nje ya pazia nasikiliza maji, na kwa kusikia tu nilijua wanaharakisha.

Unajua nimeosha mama za watu wangapi Etterbeek? Wapo wasiokumbuka jina langu. Mmoja aliniuma mkono. Mwingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, na mimi naitika. Najua maji yawe na joto gani. Najua namna ya kumgeuza mzee asione aibu, unamfunika taulo huku unamsemesha habari za hali ya hewa. Mikono hii imejifunza yote hayo kwa watu baki, na mtu mmoja niliyekuwa na haki naye akaniambia wapo wa kazi.

Nilisema nimechoka kuosha watu. Tangu lini wewe ukawa watu?

Nijibu basi! Nani asiyechoka na kazi yake? Mpishi anasema moto umemchosha, na kesho yake anawasha. Wewe mwenyewe mara ngapi ulitulaani sisi na sufuria zetu, na jioni chakula kikawa tayari? Mimi nikuzuie kupika kwa sababu siku moja ulinung'unika? Ulichukua neno la mtu aliyelala chini ya msonobari, kofia usoni, ukalifanya hukumu. Ukalibeba kwenye ndege. Ukalipeleka kwa Fatiha, ukalipeleka Matonge kwa wauza samaki, wote wakanihurumia, wote wakafunga midomo. Na ungenivuta tu ile kofia, mama! Ungeniambia, "Amka, we mtoto, nasema na wewe." Ulinilea kwa kunivuta masikio, ikawaje siku ile moja ukawa mpole?

Najua ulidhani unanipunguzia mzigo. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ungenifanyia ubaya ningekusamehe haraka.

Mwishowe ulikuja mikononi mwangu ulipokuwa huwezi tena kunikatalia. Chumba cha kuoshea maiti, Fatiha anamimina, mimi naosha. Nilijaribu maji kwa kiwiko kwanza, kama nifanyavyo kazini kila asubuhi, nisije nikakuunguza. Fatiha alinitazama, akaendelea kumimina. Nikaanza upande wako wa kulia. Nikakunyanyua mkono kwa kuushika chini ya kiwiko, usiumie bega. Nikakufunika kila nilipomaliza. Nikajikuta nakusemesha habari za hali ya hewa, kwamba mvua imeacha. Nilipofika miguuni nikaosha kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole. Visigino vyako vilikuwa laini kabisa, mama. Havikuwahi kuhitaji jiwe lolote.

Jiwe lenyewe lipo juu ya friji sasa, juu ya ile picha ya ghuba. Nimefikiria kulitupa, nimefikiria kulirudisha kule kwenye wenzake. Halafu nasema, aka, acha likae hapo tutazamane.

Kesho nitarudi kwa Maman Sifa kuchukua ndagala zangu. Nitamwambia mbele ya wasusi wote, wakitaka watazame kucha, wakitaka wasitazame, kwamba ile sentensi ya baharini uliipeleka mahali nisipoituma. Kwamba mama yangu nilimwosha kwa mikono yangu, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kunikimbiza, na sikuchoka.

Uliniambia nipumzike ghubani, ukaniambia hospitali, ungeniambia hata kaburini kama ungeweza. Sasa zamu yako. Pumzika wewe, mama. Mimi bado nimekasirika.

Mwanao, wala si wa kazi,
Hadija