Msomaji wa Barua za Leokadia

Jumapili, 7 Julai 1957

Misa ya kwanza, kisha moja kwa moja kwenye chanja ya kukaushia samaki. Kambale wengi, wanono, wameletwa na mvuvi wetu Mndamba wa kivukoni. Moshi machoni. Mama amepita, amemgeuza mmoja, hakusema kitu, maana yake ameridhika. Gauni langu la Jumapili linanuka samaki tena.

Wiki ya tatu tangu mdogo wangu Leokadia aende Dar es Salaam. Shangazi, dada yake marehemu Baba, alimwomba Mama ampelekee binti mmoja akae naye Kariakoo kiangazi hiki. Mmoja. Mimi ndiye mkubwa. Mimi nimefika darasa la sita kwa masista, yeye la nne. Mama akasema nibaki, kwa sababu mkono wangu ndio unaojua moshi, Leokadia huunguza samaki. Yaani ukiijua kazi unafungwa nayo, ukiiharibu unapelekwa mjini. Nimekasirika wiki tatu na bado sijachoka.

Alhamisi, 11 Julai

Lori la kutoka Morogoro limeleta barua yake ya kwanza. Mama hajui kusoma. Jirani yetu Mama Kaspari hajui. Uani kwetu msomaji ni mimi tu, basi jioni mikeka ikatandikwa, nikasoma.

Nimesoma kama ilivyoandikwa. Kwamba pale Kariakoo ukivuka mtaa umebadili na chungu. Asubuhi vitumbua vya mama mmoja Mngazija. Mchana muhogo wa nazi kwa Wazaramo. Kwenye kona Mhindi anakaanga bhajia za dengu, moto, na pilipili ya kuchovya. Mwarabu ana halua, anaikata kwa kisu kirefu, na kahawa chungu ya kuteremshia. Leokadia anasema hajala kitu kimoja siku mbili mfululizo.

Watu wamecheka mpaka machozi. Mama Kaspari ameuliza kitumbua kinafananaje, nikamwambia sijui. Nilikuwa nimewapikia perege na wali mpya. Wameula huku wakisifia bhajia wasizoziona. Hakuna aliyesema perege ni mtamu.

Jumamosi, 20 Julai

Shambani Katindiuka, kumalizia kupiga mpunga. Makapi shingoni. Njiani kila mtu ananiuliza habari za Leokadia. Za kwangu hakuna. Nimeanza kuwajibu "hajambo" kabla hawajafungua mdomo.

Alhamisi, 1 Agosti

Barua ya pili. Nimeisoma kwanza peke yangu nyuma ya jiko. Ingekuwa heri nisingefanya hivyo.

Jumapili Shangazi anampeleka baharini. Wanaoga, wanakunywa madafu, wanalala mchangani kama watu wasio na shamba. Kuna mtu anapita na kigari cha barafu. Leokadia ameandika hivi: "Mwambie Mama ni maji yaliyogeuka jiwe. Wanayakwangua, wanatia sharubati nyekundu. Unayafyonza meno yanauma, unacheka, ulimi unakuwa mwekundu mpaka jioni." Tena kuna mama mmoja wa Kigoa, wale wa kutoka Goa, Uhindini, mshonaji, amekubali kumfundisha cherehani. Amempa kiti chake dirishani, na wasichana wengine wanakitamani.

Cherehani. Mimi ndiye niliyekuwa naomba cherehani tangu Baba yuko hai.

Jioni, uani, nilipofika kwenye barafu nikashusha kidole chini. Nikaruka. Bahari nikaruka. Mgoa nikamruka. Ikabaki sentensi moja mwishoni, yake mwenyewe, ya kweli: "Wali wa huku hauna harufu kama wetu. Nautamani." Hiyo nikaisoma mara mbili, polepole.

Mama aliacha kutafuna. Mama Kaspari akasema maskini, mtoto wa watu.

Naandika ilivyo: nilifurahi. Mara ya kwanza tangu Juni. Na kuruka si kusema uongo.

Jumapili, 4 Agosti

Mama ameniuliza kama nadhani Leokadia anashiba. Nimesema sijui, Mama, barua ilikuwa fupi.

Alhamisi, 22 Agosti

Ya tatu. Kurasa mbili. Mishikaki ya jioni, bembea kwenye uwanja, filamu ya kwanza maishani mwake, gauni la buluu alilojishonea mwenyewe. Mwenyewe! Yeye ambaye hapa alikuwa anashindwa kushona kifungo. Chini kabisa ameandika "Msalimie dada Skola, namkumbuka sana." Mstari mmoja. Barafu ilipata mistari mitano.

Sikuruka leo. Nilishika karatasi, nikaweka kidole kama katekista, nikasoma maneno yasiyokuwapo. "Mama, chakula cha huku hakinipandi. Nimekonda. Nafua nguo za nyumba nzima, na jana nilikuwa na homa." Yalikuja yenyewe, yamepangika. Sijui yalikuwa yamekaa wapi.

Mama amesukuma sahani yake kando. Samaki mzima, mkono wangu, hakumgusa. Watu wameondoka bila kuaga vizuri. Nimeosha vyombo peke yangu.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa katekista ametaja wagonjwa wa kuombewa. Leokadia, binti wa marehemu fulani, yuko Dar es Salaam. Salamu Maria tatu. Kanisa zima.

Na mimi nimesali. Zote tatu. Kwa sauti.

Alhamisi, 29 Agosti

Mama halali vizuri wala hali. Leo amekaa kwenye kigoda mbele yangu, ameniambia niandike. Alisema mengi. Kwamba hakumzaa mtoto akawe punda wa watu. Kwamba njaa ya ugenini ina aibu ndani yake. Kwamba arudi.

Ningeweza kusema pale pale. Kalamu ilikuwa mkononi. Badala yake nikaacha habari zote za njaa, kwa sababu zingenifichua, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: "Rudi upesi na gari la kwanza. Ni mimi, Mama yako." Mama akaniuliza mbona fupi. Nikasema nimebana maandishi.

Amefunga na furushi la kambale, wale bora, ili mtoto apate cha kula njiani na kingine amwachie Shangazi kwa heshima. Nimemchagulia mwenyewe. Hata samaki wangu wanakwenda Dar es Salaam.

Jumatatu, 9 Septemba

Alhamisi lori halikuja. Joto. Vumbi. Nimegombana na Mama Kaspari juu ya kuni, bila sababu yoyote. Usiku silali vizuri. Mama husema njia ya mwongo ni fupi. Natamani ingekuwa fupi zaidi, nifike mwisho.

Alhamisi, 19 Septemba

Amefika.

Nimemwona akishuka kwenye lori, mwekundu kwa vumbi la Kidatu, ndani ya gauni la buluu. Mshono umenyooka. Nimeutafutia kosa, sikuliona. Mashavu yamejaa. Amenenepa hasa, kila mtu ameona. Mama Kaspari amemzunguka mara mbili, kisha akatangaza kwamba huo ni uvimbe wa njaa.

Leokadia hakumsikia. Alimkimbilia Mama, shikamoo yenyewe ikakatika katikati, akauliza nani mgonjwa. Siku mbili njiani alikuwa analia, anadhani Mama yuko kufani. Aliacha sindano kwenye kitambaa.

"Mgonjwa ni wewe, mwanangu," Mama akasema.

Leokadia akageuka akanitazama. Nikaenda kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Jumamosi, 21 Septemba

Kila mlo Mama anamrudia yale maneno. Chakula hakikupandi, eh? Nguo za nyumba nzima, eh? Anamwongeza wali. Leokadia anakula, anasema ahsante Mama. Haulizi kitu. Ningependa aniulize. Ningependa anipige kofi.

Mama ameapa: Shangazi hana udugu tena na nyumba hii. Akifa yeye Mama, Shangazi asije. Kesho atayasema hayo mbele ya watu, mimi niyaandike yapelekwe.

Jumapili, 22 Septemba

Mikeka mitatu, uani hapakutosha. Mama ametoa barua ya tatu kwenye kibweta. Nilijua ni ile kwa kona iliyokunjika. Akampa Leokadia asome kwa kinywa chake, watu wote wasikie alichotendewa, ndipo Shangazi ahukumiwe.

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Sikuweza kuuweka chini.

Leokadia alifungua. Macho yalitembea mstari kwa mstari: mishikaki, bembea, gauni. Niliyaona yakipita. Mpaka kwenye "namkumbuka sana." Kisha akaweka kidole juu kabisa, akasoma: "Mama, chakula cha huku hakinipandi. Nimekonda. Nafua nguo za nyumba nzima, na jana nilikuwa na homa." Neno kwa neno kama nilivyosoma mimi. Akageuza ukurasa, akaendelea: "Lakini usimlaumu Shangazi. Ananiuguza kama mtoto wake, ananinyima kazi, mimi ndiye ninayezing'ang'ania."

Watu wakapumua. Mama akasema kumbe Skola hakuufikia ukurasa wa nyuma. Akasema Shangazi asamehewe.

Nimeona wivu hata hapo. Yeye amedanganya mara moja tu maishani, na uongo wake umetengeneza. Wangu umebomoa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mtoni, sisi wawili, tukifua. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anakamua khanga, hakuinua uso.

"Ningesoma kilichoandikwa, dada, kesho ungekaa wapi hapa uani?"

Halafu akaniambia habari nyingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Yule Mgoa atamwekea kiti mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo anakaa msichana mwingine. Lori linaondoka Alhamisi tu. Hawezi kumwomba Mama arudi mahali alipokuwa "anaumia". Akasema basi, si kitu, hata huku kuna kazi. Akaniomba nimfundishe moshi.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeunguza chanja nzima. Nilikuwa nimesimama mbele yake, naitazama, na sikuona. Mama amekuja kwa harufu. Hajanigombeza. Amenitazama muda mrefu, na nadhani ndipo alipoanza kujua kwamba kuna jambo.

Jumatano, 25 Septemba

Nimemwambia. Jikoni, asubuhi, kabla ya uji. Nilisema yote kwa mara moja, bila "lakini". Nikasema nilikuwa na wivu. Neno hilo lenyewe.

Hakunipiga. Alitoka, akarudi na kibweta, akakaa kwenye kigoda.

"Soma," akasema.

Nikasoma barua zote tatu tangu mwanzo, mpaka uji ukashika chini. Vitumbua, halua, bahari, bembea, Mgoa na kiti chake. Hakucheka popote. Nilipofika kwenye maji yaliyogeuka jiwe akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akafumba macho. Alipoyafumbua akasema mambo matatu. Leokadia aondoke kesho na lori. Mimi nipite kwa Mama Kaspari, na kwa kila aliyekaa mkekani, na kwa katekista, niwaambie kwa mdomo wangu. Na kwamba yeye aliniacha hapa kwa kuwa ndimi niliyekuwa macho yake.

Nikafunga khanga, nikatoka.

Nimepita nyumba tisa. Mama Kaspari alinifungia mlango, kisha akaufungua kidogo kuuliza kama kweli kuna filamu.

Alhamisi, 26 Septemba

Ameondoka. Nimembebea furushi mpaka kwenye lori. Sikulia, yeye alilia. Bado natamani kiti kile kiwe changu. Ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mawingu upande wa Mahenge. Wanasema mvua ikianza lori litakwama Kidatu, barua zitakatika mpaka kiangazi kingine. Hii ya leo huenda ikawa ya mwisho.

Jioni mikeka ikatandikwa. Miwili. Mama Kaspari amekuja, amekaa ubavuni kwangu, ameukodolea macho ukurasa, ingawa alif kwa be haijui. Nikamwachia.

Nimesoma yote. Kiti amekipata, siku mbili tu kabla hakijakaliwa. Kambale wangu Shangazi amewagawa mtaani. Mngazija amewapika kwa nazi, yule Mhindi wa bhajia hali samaki lakini amewanusa, Mwarabu ameuliza nani fundi wa moshi huu. Leokadia amemtajia jina langu. Hayo nayo nimeyasoma, kwa sauti ile ile ya mengine. Samaki wangu wameuona mji. Mimi bado.

Watu walipoondoka Mama akaleta kibweta, akaitoa ile barua ya pili bila kuuliza. Anaijua kwa mkunjo wake. Akaniomba pale pa barafu.

Nikamsomea. Akaniuliza kama nadhani meno yanauma sana. Nikasema nadhani yanauma kidogo tu, Mama. Chanja ilikuwa imebakiza makaa, nikaenda kuyafunika.