Njo Gari, Haiko Bunduki

Papa Mukwe,

Ni mi Wilondja, bwana ya Riziki, yule ulifundisha kazi ya magari na nyuma yake ukamupa mutoto yako. Najua haikuwa lazima nijitaje. Lakini kisha ile nilifanya, naogopa labda umeomba huko ulipo bakusaidie kunisahau.

Nitasema yote mara moja, juu nikianza kuzunguka nitaishia kwa salamu: nilikimbiza batu kwenye matanga yako. Siku ya kuyamaliza, bukari ya kulisha bageni iko motoni, kwaya inaimba, Pasta amesimama anaomba, batu bote balikimbia kama vita imeingia hapa Baraka. Na haikuwa vita, Papa. Ilikuwa mi, na eshapema, ile bomba ya moshi niliweka mi mwenyewe kwa gari yako, hapa nyumbani, na hii mikono we njo uliifundisha.

Haya imenikamata. Hata kwa soko napita nikiangalia viatu yangu.

Acha nikuambie kazi kwanza, juu kazi njo kitu tulikuwaka tunazungumuza bila matata. Karina, gari yako, ilibakia kwetu tangu tulikuzika. Garaje, bandugu balisema ifungwe mupaka matanga iishe, na ni haki yabo. Sasa ndugu bakubwa ya Mama Mukwe, muke yako, ku Makobola ni bazee, habawezi kupanda pikipiki, nikatumwa kubaleta na gari yako. Na ile eshapema ya zamani unaijua: kutu tupu, imefungwa waya na kipande ya kopo ya mafuta. Nikasema, wapi! Mukwe ya Papa Riziki ataingia kwenye matanga na gari inakohoa kama muzee wa tumbako? Nilitaka ile siku batu baseme: ona, fundi ameacha fundi.

Nikaenda kununua mupya ku Uvira. Haikuwa ile ya gari yenyewe. Ni zile za mudomo mupana, zinangaa, bijana njo banazipendaka. Muuzaji aliapa kama inaingia kwa gari yote. We ulikuwaka unasema, kitu ya gari yote haiko ya gari hata moja. Nilikumbuka ile neno pale pale mbele yake, Papa, na bado nikaifunga kwa gunia nikaleta.

Nilipandisha gari kwenye lupango yetu, ndani ya ua, vile ulinionyesha: kriki ya kuinulia, halafu mawe makubwa ya ziwa, halafu kigogo, na kuitikisa mbele ya kuingia chini. Hapo sikukosa. Mabulo, zile nati za kukaza bomba, ilikuwa imekamatwa na kutu, nikaitia mafuta, nikangoja, nikagonga pole pole. Bomba ya zamani ikatoka vipande vipande, kutu ikaniingia mudomoni. Na pale juu, fasi ya mwisho, nikakuta waya yako. Umeizungusha kwa kushoto, na mukono yako ya kushoto, hakuna fundi mwingine ku Baraka anakaza vile. Nililala pale chini ya gari nikalia. Riziki aliona miguu yangu haitikisiki, akaita jina yangu. Nikamujibu kama natafuta kle, ile spana yangu.

Ungenikuta pale, ungenipenda. Nyuma yake njo nilianza kuharibu.

Ile mupya haikufika vizuri. Mudomo yake, pale inashikana na motere, ilipishana kidogo, na ile ringi ya kuziba haikukuwa kwa gunia. Nikakata kopo, nikakunja, nikaiweka katikati, nikakaza kwa nguvu. Nikasema itakamata. We ungeziba mudomo ya nyuma na kitambaa, motere inazunguka, ungepitisha sikio na kiganja yako bomba muzima, juu fasi inavuya itasema "sss" kama nyoka. Mi sikuziba. Nilikuwa na haraka ya kusikia mungurumo.

Na sikupita kwa manyumba.

Papa, hapa njo naona kukuandikia ni nguvu. Unakumbuka vile ulikuwaka unafanya. Gari iko wazi, iko bila eshapema ao unaijaribu, we unafuta mikono, unavaa shati, unaanza na ile nyumba ya mbali kabisa. "Hodi bandugu! Nitawasha. Njo gari, haiko bunduki!" Nyumba kwa nyumba, bajue ni gari tu, si bunduki, hata kwa bale banakununia, hata kwa yule mama hasikii vizuri, yeye unamuonyesha na mikono. Hata kwa kigari kidogo cha kupiga chafya. Sisi wanafunzi tulikaa juu ya pneu za gari tukicheka mupaka machozi. Batoto ya kartie, mutaa yetu yote, balikuita Haiko Bunduki. Mi njo nilijua kukuiga kuliko bote: natembea na magoti yako, nakohoa kikohozi yako, "hodi bandugu!", na bamama ya mandazi banaanguka kwa kicheko. Nilizani ni uzee. Nilizani ni kupoteza saa.

Siku niliwasha karina, ikanguruma mupaka kuku bakaruka ukuta. Riziki akatoka na mikono kwa masikio, akasema, "Papa angetangulia kuambia batu." Unajua nilimujibu nini? Nilisema, "Papa alikuwa na saa ya kuchezea." Mutoto yako akaingia ndani, akafunga mulango pole pole, na mi nikakanyaga mafuta mara ingine juu jirani basikie.

Ku Makobola bazee balipanda vizuri. Kaka ya Mama alikaa mbele, fimbo kati ya magoti, akaniambia gari imekuwa na sauti ya kiume. Nikavimba. Njia unaijua, mashimo juu ya mashimo. Tukapita Lusenda, na mbele kidogo njo nilianza kuisikia. Sss. Kidogo tu. Kopo yangu ilikuwa imepasuka. Niliijua ile sauti, we njo ulinifundisha kuijua. Na mi nikapandisha muziki ya redio, Papa. Muziki ya kanisa. Nikaifunika na nyimbo ya Mungu.

Pale njia inatelemuka kuingia kwa lupango yako, nikaacha mafuta juu niingie na heshima. Gari ikapiga. Pa! Pa-pa! Pa!

Ee Mungu. Mabenchi ilibaki na batu ikaisha. Pasta hakufika kwa amina. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikamwangika, bukari ikaungua, kofia na sandale zikabaki chini kila fasi. Mama mumoja alifika kwenye barabara njo akaona kwa mugongo amebeba mutoto ya jirani. Bazee ndani ya gari balilala mumoja juu ya mwingine, na ule kaka ya Mama ananipiga fimbo kwa mugongo analia, "Geuza! Geuza!" Mi nikatoka nje, mikono juu, nikapiga kelele, "Njo gari! Haiko bunduki! Njo gari!"

Lakini ile neno haina kazi ikikuya nyuma ya kishindo.

Balirudi mumoja mumoja, banapangusa magoti, habataki kuangaliana. Unajua mutu muzima akionekana ameogopa, anakasirika. Hakuna alinipiga. Ningependa banipige. Ndugu yako mudogo alichukua kofia yake chini, akaipiga piga mavumbi, akaniambia, "Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu." Akaenda. Na si mi nilivunjika. Kila mutu alikuwa amerudi, Mama alikuwa bado.

Riziki alienda upande wa ziwa na bamama. Mi nikaenda upande wa mashamba. Na kwa njia ya mihogo nikakuta kikwembe yake chini, ile nguo ya kujifunga ya matanga.

We unajua mi na Mama tunaishi namna gani. Tangu nilioa sijasimama naye uso kwa uso. Nasalimia nikiwa nyuma ya mulango, yeye anajibu akiwa jikoni, chakula yangu inapita kwa mikono ya Riziki. Njo heshima ya mukwe, na tuliilinda vizuri. Sasa ona mi nimeshika kikwembe ya mama mukwe mukononi, peke yangu, kwenye shamba. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kurudi kuita mwanamuke. Lakini nikasikia mutu anapumua.

Alikuwa kati ya mihogo, amekaa, na ile sketi tu ya ndani. Muguu imejipinda. Na mikono yake miwili iko nyuma, Papa, imeshikana kwa mugongo, chini, vile mama anamushika mutoto asianguke wakati anakimbia. Hakukuwa na mutoto.

Nikageuka mbio. Nikatembea kinyumanyuma, nikaweka kikwembe chini, nikasogea, nikangoja na macho kwa milima. Nikamusikia anajifunga. Nikasema, "Mama, njo mi. Ilikuwa gari." Kumushika mukono siwezi, kumuacha siwezi. Nikavunja muti ya muhogo, nikaipeleka nyuma bila kugeuka. Ikakaa vile, halafu nikasikia ameikamata. Tukatembea vile: mi mbele, yeye nyuma, anarukaruka na muguu moja, muti katikati yetu.

Katika njia njo aliniambia. Kwa mara ya kwanza tangu niko mukwe yake, Mama alizungumuza na mi, na ilikuwa na mugongo yangu. Alisema zamani, mumetoka tu kukimbia vita, ile ilimufanya atoke Makobola na Riziki mugongoni, we ulipata kazi kwa lori ya mutu hapa Baraka. Ukaiwasha kwenye lupango bila eshapema, bila kusema. Ikapiga. Yeye akakimbia mupaka ziwani, akaingia maji ikamufika kifua, mikono nyuma, anambembeleza mutoto anyamaze. Na Riziki alikuwa amemuacha kwenye lupango, anacheza na udongo. We njo ulikuya na Riziki mabegani, ukaingia maji na nguo, ukamuonyesha mutoto iko. Ukamuambia, "Njo gari, mama. Haiko bunduki."

Tukatembea kidogo. Nilizani amemaliza. Halafu akasema, "Alikuwa anapita kwa manyumba yote juu batu basijue ni juu ya nyumba moja."

Papa. Na mi nilikuiga mbele ya bamama ya mandazi. Na Mama alikuwa akipita pale na beseni yake, akinisikia, na hakusema kitu.

Alisema tena neno moja tu, pale tulianza kusikia sauti ya batu: Riziki hajui, na asijue. Akaachilia muti. Bamama bakamupokea. Mi nikarudi kuangalia gari, juu sikukuwa na fasi ingine ya kuangalia.

Sasa nikuambie ile imebadilika. Muguu ya Mama imepona, anachechemea asubuhi tu. Matanga balimaliza siku ingine, bila gari, na mi nilikaa nyuma kabisa, kwa bale banapasua kuni. Riziki nimemuomba pardon kwa ile neno ya saa ya kuchezea. Aliniambia nitakula kwanza, halafu ataona. Anaendelea kuona.

Na eshapema nimeitosha kwa gari. Ile ya kungaa imelala nyuma ya choo, kuku banatagamo. Nikatafuta ile ya gari yenyewe, ya mutumba lakini ni yake, na ringi yake mupya. Nikalala tena chini ya karina. Waya yako nimeirudisha pale pale, na nimeikaza kwa kushoto. Mukono yangu haijazoea, nimejikata, ni vizuri. Nikaziba na kitambaa, nikasikiliza bomba muzima. Hakuna nyoka.

Lakini mbele ya kuwasha, nilifuta mikono, nikavaa shati, nikaanza na nyumba ya mbali. Ni nguvu, Papa! Kwa nyumba ya kwanza balinifungia mulango. Kwa ingine bwana alisema, "Leo njo umejua kusema?" Nikasema ndiyo, papa, leo njo nimejua. Ule mama asiyesikia nilimuonyesha na mikono, akanishika shavu. Batoto bakanifuata nyuma, banaimba Haiko Bunduki Kidogo, Haiko Bunduki Kidogo. Acha baimbe. Hakuna nyumba niliruka, na ya Mama ilikuya kati ya zingine, si ya kwanza, si ya mwisho, vile we ulipanga.

Nikasimama nyuma ya ukuta, macho chini. Alikuwa anatwanga sombe. Nikasema, "Hodi, Mama. Nitawasha. Njo gari, haiko bunduki." Muchi ikasimama. Nikangoja. Halafu ikaanza tena, tu, tu, tu, pole pole.

Nikaenda nikawasha. Nikakanyaga mafuta, nikaachilia, nikakanyaga tena. Nikatosha kichwa kwa dirisha nisikilize, na si motere nilikuwa nasikiliza. Muchi haikusimama.

Nakuacha hapa, Papa Mukwe. Garaje bandugu banasema nitaifungua. Sitawasha gari hata moja bila kupita kwa manyumba yote, na nikiulizwa juu ya nini, nitasema njo vile fundi yangu alikuwaka anafanya. Ile ingine, ya nyumba moja, itakaa kati yetu batatu, we, Mama na mi. Na we huko chini, karina ikipita karibu na kaburi ukasikia kishindo, usiamuke. Ni mi napita. Njo gari, Papa. Haiko bunduki.

Mukwe yako,
Wilondja