Ngumi ya Ule Mkono Ilikuwa ya Nani?

Mama Bertille, mshauri wetu, nakuandikia mbio mbio kwa sababu boti ya Moba inaondoka Jumamosi asubuhi na itapita Mpala, na mama mkwe wangu amesema atapanda boti hiyo arudi kwake, na akipanda, mke wangu Pascasie atajifungua bila mama yake karibu, na watu wote wanasema kosa ni langu, na mimi nimechoka kueleza. Tafadhali usiandike jina langu kwenye karatasi yako ya ushauri.

Mimi ni karani bandarini, nina miaka thelathini na moja, sinywi sana, sijawahi kumpiga mtu. Mwaka jana binamu yangu anayefanya biashara Bujumbura aliniletea mashine ya kucheza michezo kwenye televisheni, na pamoja nayo akaniletea kitu ambacho hapa Kalemie hakuna mwingine mwenye nacho. Kinavaliwa mkononi kama glovu, ni cha plastiki nyeusi, kina waya unaokwenda hadi kwenye mashine, na kina masikio mawili unayoyabandika juu ya televisheni, na masikio hayo yanaona mkono wako unakwenda wapi, kwa hiyo ukirusha ngumi hewani, bondia wako kwenye televisheni naye anarusha ngumi, hubonyezi kitu chochote. Sisi tunakiita Mkono tu.

Jumapili baada ya misa, umeme ukiwepo, tunakusanyika kwangu watu sita au saba, na tangu Mkono ufike hatuchezi sana, tunabishana. Mwalimu Cyrille, anayefundisha hesabu, ndiye kiongozi wa watu wa maneti, yaani kile kidude cha kawaida cha vibonyezo kinachoshikwa kwa mikono miwili, na anasema Mkono ni ulaghai, ukirusha ngumi ya juu mashine inafikiri kwanza halafu inarusha ya chini, au hairushi kabisa, na anayeshinda kwa Mkono ameshinda kwa bahati. Mimi ndiye kiongozi wa watu wa Mkono, ingawa upande wetu tuko wawili tu, mimi na Gérard, na Gérard anahama akipewa chai upande wa pili. Mimi nasema hivi: mtu wa maneti anapiga kwa vidole gumba, amekaa, anaweza hata kula karanga huku anapigana, lakini mtu wa Mkono anapiga kwa bega lake na jasho linamtoka, basi ushindi wake ni wake kweli. Cyrille akaniambia, "Ile ngumi si yako. Weye unapunga tu mukono, mashine njo inaamua."

Unaona dharau hiyo, Mama Bertille. Miezi mitatu tumevutana juu ya neno hilo, mpaka tukafungua daftari la mjadala, tukaandika na sheria humo, kwamba mwenye Mkono asimame hatua tatu kutoka kwenye televisheni na kadhalika, na siku moja kwa hasira nikaandika mbele ya wote: "Kila ngumi inayorushwa kwa Mkono ni ngumi yangu mimi, nimeirusha mwenyewe, na mtu asiseme ni ya mashine." Nikatia sahihi, na shemeji yangu Anatole, mdogo wake Pascasie, akatia sahihi kama shahidi.

Sasa Jumapili iliyopita. Mama mkwe, Mama Dorothée, alikuwa aje Jumatatu kutoka Mpala kumsubiri Pascasie ajifungue, maana mimba ina miezi minane na ni mtoto wetu wa kwanza. Unajua mambo ya ukwe kwetu, mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatuli pamoja, akiingia sebuleni mimi natokea mlango mwingine, na kwa miaka mitatu ya ndoa nimeyashika hayo yote, sijakosea hata siku moja. Boti ikafika Jumapili badala ya Jumatatu, na hilo si kosa langu. Akapiga hodi, wanasema alipiga mara tatu, na mimi nikasema "Ingia, ingia" bila kutazama, nikidhani ni Gérard aliyekwenda kununua karanga. Mlango wetu uko ubavuni mwa televisheni. Nilikuwa katika raundi ya mwisho, nikazungusha ngumi ya kulia kwa nguvu zangu zote, kwa bega, kama ninavyowafundisha wenzangu, na ngumi ikasimama mbele ya pua ya Mama Dorothée, pengine vidole vinne hivi, sikumgusa, naapa, hata Cyrille alisema sikumgusa. Yeye akaachia bakuli la ndagala alizomletea binti yake, visamaki vikatapakaa sakafu nzima. Na mashine ile ile ambayo miezi mitatu imekuwa ikinitia aibu, siku hiyo ikatii, bondia wa upande wa pili akaanguka chini kifudifudi, na wenzangu, ambao macho yao yalikuwa kwenye televisheni, wakapiga makofi wakapaza sauti, "Amemuangusha!" na mama mkwe amesimama pale pale, mikono iko juu.

Akatoka. Pascasie akaja kutoka jikoni akaanza kuokota ndagala. Mimi nilimaliza raundi, zilibaki sekunde chache tu na yule bondia alikuwa anaamka, halafu nikatoka nje kumtafuta mama mkwe, lakini alikuwa amekwisha kwenda mtaa wa Kataki kwa mdogo wake, na yuko huko mpaka leo.

Jumanne nikaitwa na wakwe. Mjomba wa mke wangu, Papa Augustin, hakuniuliza habari za kazi wala za afya, aliniuliza, "Mukwe, ile ngumi ilikuwa ya nani?"

Nikajibu, "Papa, ilikuwa ya mashine. Miye nilipunga tu mukono."

Hapo Anatole akatoa daftari kwenye mfuko wa koti lake. Shemeji yangu, niliyemfundisha kucheza mimi mwenyewe. Papa Augustin akavaa miwani, akasoma polepole, akasoma tena, akasema, "Chagua basi. Kama njo yako, utaleta mbuzi na kitenge, tumuombe mama yako mukwe asamehe. Kama njo ya mashine, utaenda kufuta hii sahihi mbele ya wenzako, useme ulikuwa unadanganya. Lakini haiwezi kuwa yako ukiwa nabo, na ya mashine ukiwa na siye."

Mama Bertille, hebu niambie, mimi nitokee wapi? Nikipeleka mbuzi, Kalemie yote itasema nimempiga mama mkwe, na mimi sikumpiga. Nikifuta sahihi, Cyrille ameshinda, na tayari ananiangalia kwa tabasamu la kupandisha mtu presha. Pascasie haongei nami, ananiwekea chakula mezani anaondoka. Nimewaza njia ya tatu, kwamba nimwalike mama mkwe aje avae Mkono yeye mwenyewe, arushe ngumi moja mbili, ajionee kwamba kitu hiki hakiumizi mtu. Wewe unaonaje? Nijibu kabla ya boti.

Mimi mkwe niliyeonewa,
Mtaa wa Lubuye.

*

Mkwe uliyeonewa,

Umeniomba nifiche jina lako, nami nimelificha, ingawa wewe umewataja wengine wote hadi yule anayehama kwa chai, na ingawa mji huu mzima una Mkono mmoja tu na kila mtu anajua uko nyumba gani. Na ujue kwamba barua yako ni ya tatu juu ya kitu hicho. Mwalimu Cyrille ameniletea kurasa mbili na mchoro, anataka niamue kama ushindi wa Mkono ni ushindi. Mtu mwingine, asiyeandika jina lakini nadhani anapenda chai, anauliza kama inaruhusiwa kuwa pande zote mbili. Wanaume wazima, wenye kazi na watoto. Wiki hii kuna mama ameniandikia kuhusu mwanawe mgonjwa, na barua yake ilikuwa chini ya zenu.

Haya, kwanza pole. Boti ilifika mapema, kweli hilo si kosa lako. Umeushika ukwe miaka mitatu, na mimi niliyeoza mabinti wawili nawajua wakwe ambao hawakuushika hata mwezi. Nakuamini pia kwamba hukumgusa. Umeniapia mara moja, inatosha.

Lakini sasa kaa chini. Barua yako ni ndefu, na karibu yote ni ngumi. Ngumi ilitoka wapi, ikasimama wapi, nani aliisainia. Jambo lenyewe umelipa mistari miwili, ukaipita mbio. Umeandika kwamba Pascasie alikuja kutoka jikoni akaanza kuokota ndagala, na kwamba wewe ulimaliza raundi. Isome tena hiyo, ndugu yangu, polepole, kama Papa Augustin alivyosoma daftari. Mke wako ana mimba ya miezi minane, yuko chini kwenye sakafu katikati ya miguu ya wanaume, anaokota kimoja kimoja, na wewe unahangaika mtu wa televisheni asiamke.

Jana nilikwenda Kataki. Nilimkuta Mama Dorothée anafunga mzigo wake, nikamuuliza juu ya ngumi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Ile ngumi?" akasema. "Ile haina neno, mama. Nilimuona yeye mwenyewe alishituka kunipita miye. Lakini nilitoka nikasimama inje, pale kwa ukuta. Nikasema atatuma muntu, ao mutoto wangu atakuja, ao hata yeye atakohoa tu kwa mulango nijue kama anasikia haya. Nikangojea. Nikasikia banashangilia tena. Njo nikaenda."

Umesikia? Hakuna aliyemuuliza. Ninyi mlikuwa na daftari. Papa Augustin ni mzee ninayemheshimu, na swali lake lilikuwa zuri la kumbana mtu mjanja, lakini mama huyo hakuumizwa na ngumi yako wala ya mashine. Aliumizwa na zile sekunde chache. Na hizo, ukitaka kujua, zilikuwa zako, huwezi kumsukumia mtu, hata Mkono.

Kuhusu njia yako ya tatu, nakuomba usimwambie mtu mwingine kwamba uliifikiria. Siku utakapomvalisha mama mkwe kitu hicho, mimi nitapanda boti pamoja naye.

Leo ni Alhamisi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukimaliza kusoma karatasi hii, anza na Pascasie. Na yeye huna ukwe, kwa hiyo mwambie usoni, wala usianze na habari ya boti kufika mapema. Mwambie uliona anaokota na hukuinama. Basi, unyamaze. Akilia mwache alie, akikutukana pokea.

Mbuzi na kitenge mpe Papa Augustin, avipeleke yeye. Usijadili kama ni vya ngumi au vya kitu gani. Watu wa Kalemie watasema wanachotaka, wamekwisha kusema, hata huko sokoni nilimwona mmoja anaonyesha ulivyorusha. Sahihi yako ifute au iache, kwangu ni mamoja. Cyrille ashinde kama anataka kushinda. Mkeo akijifungua, Cyrille hatakuja kumkanda kwa maji ya moto, wala hatampikia uji, wala hatamwonyesha namna ya kumshika mtoto. Mwenye kujua hayo anafunga mzigo Kataki.

Kesho asubuhi nenda ufukweni wanapoanika ndagala, uchukue bakuli moja la zile zilizokauka vizuri. Uzichambue mwenyewe, utoe mchanga na majani, kwa mikono yako miwili, usimpe Anatole wala msichana wa jirani. Ukiona kazi hiyo ni ngumu, mkumbuke aliyeifanya Jumapili akiwa amebeba mtoto wako tumboni. Halafu uende Kataki pamoja na Papa Augustin. Yeye ndiye ataingia, yeye ndiye atasema. Wewe usiingie, usimtazame mama usoni, usieleze kitu. Unaweka bakuli kizingitini, unarudi nyuma hatua tatu. Unazijua, ni zile mlizoandika daftarini za kusimama mbali na televisheni. Kisha usimame hapo nje, kwa ukuta, macho chini, ungojee kama yeye alivyongojea.

Akichelewa kutoka, usiondoke.

Mama Bertille