Spesa za Zambarau

Jumatatu, 3 Juni

Nimeliwasha gari saa kumi na mbili asubuhi, kama kila Jumatatu. Dakika kumi, injini ipate moto. Upepo, vumbi, baridi ya Juni. Gari ni jekundu, la milango miwili, la mbio. Marehemu kaka yangu Yohana aliliacha kwangu kwa sharti moja: mwanawe Elia akabidhiwe siku atakayooa. Elia anaoa tarehe 22. Jumatatu zimebaki chache.

Jumatano, 5 Juni

Kikao cha kamati ya harusi, sebuleni kwangu. Mimi ni mwenyekiti. Niliwatambua waliohudhuria kwa nafasi zao: Mzee Chilongani, mkubwa wa ukoo, wageni wetu wa Haneti, upande wa bibi harusi, Bi Tausi wa mapambo, wajumbe, mwisho bwana harusi mwenyewe. Kisha Elia akaomba nafasi. Anataka gari hili, litakalomleta bibi harusi wake Janeth, lifungwe spesa, zile pete nene za alumini zinazokaa kati ya habu, kitovu cha gurudumu, na rimu ili matairi yatokeze nje.

"Shangazi, matairi ya baba yamejificha ndani kama kichwa cha kobe."

Kicheko. Hata Mzee Chilongani. Nilisema ni hatari, na kwamba uamuzi utatoka baada ya kusikiliza pande zote. Uhakimu haunitoki ingawa nimestaafu.

Ukweli: sijui lolote kuhusu spesa. "Hatari" lilikuwa neno la karibu.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa fundi Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, aliyelihudumia gari hili tangu Yohana alinunue. Nilimkuta ametoka msikitini, kanzu bado nyeupe. Alipima nafasi ndani ya madigadi kwa rula. Spesa zilizochongwa sawasawa, zikikaa vema kwenye habu, na stadi, zile bolti za gurudumu, ziwe ndefu ili nati zipate nyuzi za kutosha: hazina ubaya. Beringi zitachoka mapema kidogo. Basi.

Nikauliza tena, kwa namna nyingine. Akatabasamu.

"Mheshimiwa, wewe hukuja na kesi. Umekuja na hukumu mkononi."

Nilitaka aseme hapana. Nimerudi nyumbani nimekasirika.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani mwili tu. Nalitambua gari lile kwa mbali kwa jinsi linavyosimama, limebana nyuma kama mtu aliyekunja mabega. Yohana alisimama hivyo katika picha zote. Likitanuliwa, litakuwa la mtu mwingine. Hicho ndicho ninachokiogopa, wala si ajali. Namwonea wivu mtoto niliyemlea mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Nimekubali. Ramadhani atafunga keshokutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Zimefungwa. Gari limependeza. Imeniuma kuliandika hilo.

Jumamosi, 15 Juni



Asubuhi tulikwenda Haneti, Elia na mimi, kulijaribu gari na kuipima njia. Elia kwenye usukani. Tulipokaribia kufika, usukani ukaanza kutetemeka. Kisha mgongano nyuma, chuma kwa chuma. Nikasema, "Simama." Hakubisha.

Gurudumu la nyuma, kushoto. Nati mbili nilizizungusha kwa vidole. Ya tatu haikuwepo.

Elia akapiga jeki, akalitoa gurudumu. Kati ya spesa na rimu, unga wa zambarau. Zambarau ndiyo rangi ya harusi yetu: sare, vitambaa, keki. Bi Tausi hakuvumilia vyuma vitupu. Ndipo Elia akanieleza kuwa jana Bi Tausi alimwomba azifungue spesa, akazipaka rangi pande zote mbili, mara mbili, kwa upendo. Elia akazifunga mwenyewe. Hakuna aliyemwambia fundi.

Nilimpigia Ramadhani. Alikuja na pikipiki, akaugusa ule unga, akanusa kidole.

"Rangi imesagika, nati zikabaki zimekaza hewa. Jamani, kati ya chuma na chuma kuna harusi gani?"

Hakuna aliyecheka. Elia alikaa juu ya jiwe, kichwa mikononi. Kiti nilichokalia mimi ndicho Janeth angekalia.

Kwa dakika moja nilifurahi kuwa niliwaonya. Naliandika hilo nisije nikalisahau. Tena sikuwa nimeonya kitu. Nilikuwa nalinda gari.

Jumatano, 19 Juni

Kikao cha mwisho. Niliwatambua tena kwa nafasi zao, ila safari hii nilianza na fundi Ramadhani, niliyemwalika. Mzee Chilongani akaitikia kwa kichwa.

Bi Tausi alikuwa analia kabla sijafungua kinywa. Nilisema mbele ya wote: spesa hazina kosa, wala Bi Tausi hana. Kikao kilijadili uzuri wa magurudumu bila kumwita anayeyafunga. Mwenyekiti wa kikao hicho ni mimi. Nikaomba radhi. Kisha nikasoma uamuzi, nao umeandikwa ili utekelezwe.

Spesa zitolewe kesho. Jumamosi gari litakwenda Haneti kama Yohana alivyoliacha, Elia akiendesha. Magurudumu yasiguswe na mtu ila fundi Ramadhani. Mapambo yaishie kwenye boneti. Tangu asubuhi hiyo gari ni la Elia. Akitaka spesa baada ya harusi, mjumbe yeyote asimzuie, na mimi wa kwanza.

Niliuweka ufunguo mezani. Elia hakuuchukua mara moja. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, injini huwashwa dakika ngapi.

"Kumi," nikamwambia. "Kila Jumatatu."