Siku Ilipoanza Ulikuwa na Nani

Mama,

Leo Jumapili gereji imefungwa, nami nimekaa kwenye benchi lako, lile ambalo fundi Ambakisye aliliunga mguu kwa kipande cha springi. Ukungu haujaondoka Iyunga tangu asubuhi na malori yanapita barabarani yamewasha taa. Nimekuja kuandikia hapa kwa sababu nyumbani Neema angechungulia. Mjukuu wako siku hizi anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye gunia la mchele.

Nitataja kwanza kilichonileta, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka jioni. Nina uvimbe kwenye titi. La kushoto, upande uleule wa kwako. Anayejua ni mama mdogo Eliza peke yake, na sasa wewe. Nimekaa nao tangu kabla ya mahindi kuvunwa, navaa ovaroli kubwa, nanyamaza. Nilikuwa nimeshaamua kuendelea kunyamaza, halafu ikaja pikapu ya Mzee Hamisi.

Lakini subiri, hujui hali ya hapa tangu uondoke.

Pale ulipokuwa unapika sasa kuna kijana anayekaanga chipsi. Si mtu mbaya. Anatoa chipsi, anapokea hela, anarudi kwenye simu yake, na wateja nao wanakula wakitazama simu zao. Hakuna anayeongea na mwenzake. Utasema hilo ni jambo dogo. Mama, sisi limetuvunja mikono.

Sikuijua kazi yako mpaka ulipoondoka. Nilidhani unapika ugali na maharage, basi. Wateja wanatudanganya sana sisi mafundi. Mtu anaingia hapa ameshapitia kwa fundi mwingine, ameshafunguliwa, ameshaharibiwa, na hasemi. Anaogopa tutamcheka, au tutamkamua, au tutalikataa gari lililochokonolewa. Kwa hiyo anaapa. Gari limeanza jana, halijaguswa. Nasi tunabaki kutafuta ugonjwa usiokuwepo, tunafungua hiki, tunabadilisha kile, mpaka mteja anakasirika na sisi wenyewe tunagombana.

Wewe ulikuwa unawawekea sahani. "Kula kwanza, gari halikimbii." Na hukuwahi kumuuliza mtu gari lake lina nini. Ulimuuliza, "Siku ilipoanza ulikuwa na nani?" Basi. Mtu anacheka, anasema alikuwa na shemeji yake, walikuwa wanatoka msibani Chimala, na huyo shemeji ana rafiki yake anayejua mambo ya magari. Kabla hajamaliza mboga ameshamwaga yote. Kisha unakuja kwenye shimo tunamoingia kufanya kazi chini ya gari, unafuta mikono kwenye kanga, unainama: "Sekela, mwambie Ambakisye asifungue injini. Huyo kuna mtu alimchezea waya za taa." Unarudi kwenye masufuria yako kama hujasema kitu.

Na watu walipokuuliza nani atamuoa binti mwenye mikono ya oili, ulijibu, "Mwenye gari bovu." Nilikuwa nanuna. Leo nimekumbuka nikacheka peke yangu hapa, halafu kicheko kikageuka kilio, na sikuwa na kanga ya kujifutia.

Sasa Mzee Hamisi. Utamkumbuka, yule wa Ubaruku mwenye mashine ya kukoboa mpunga, kofia yake haijawahi kuwa na doa. Pikapu yake ni ya dizeli, ya zamani, haina hata mahali pa kuchomeka kompyuta ya kupimia. Alisema ikipanda mlima wa Inyala na mzigo wa mchele inapoteza nguvu taratibu, kisha inazima. Akisimama kando akasubiri kidogo, inawaka kama haijawahi kuumwa. "Binti yangu, hii gari haijaguswa na mtu. Wallahi, naiendesha mwenyewe."

Tukabadilisha filta ya mafuta. Tukaijaribu barabarani, inakimbia vizuri kabisa. Akateremka nayo Ubaruku, akapakia, akapiga simu kutoka Inyala: imezima tena. Tukapima nozeli zinazonyunyizia dizeli. Tukakagua mipira yote ya mafuta, tukitafuta panapoingia hewa. Ikakimbia vizuri. Akateremka, akapakia, akapiga simu.

Hakuna kinachomchosha fundi kama gari linalopona mbele yake. Ukilitazama lina afya, ukiligeuzia mgongo linakufa. Unaanza kujitilia shaka masikio yako mwenyewe. Ambakisye alishusha pampu, akaifungua, akaisafisha, akairudisha, na simu ilipokuja tena alitupa spana ukutani. "Hii pikapu ina shetani. Airudishe hukohuko kwao, mimi nimechoka." Mzee Hamisi naye akaja amekunja uso, akasema anatafuta gereji nyingine.

Mimi ndiye niliyemwambia akae. Nilimletea chai na maandazi, nikamketisha hapa kwenye benchi, nikakaa pembeni yake na ovaroli yangu chafu. Niliona haya, kwa sababu hiyo kazi haikuwa yangu. Nikamuuliza swali lako. Alinitazama. "Mama yako alikuwa anauliza hivyohivyo." Akanywa chai yake, akamega andazi, kisha hadithi ikaanza kutoka.

Siku ilipoanza alikuwa na mkwewe. Tenki la mafuta lilikuwa limetoboka, na huyo mkwe, fundi wa kuchomelea hukohuko Ubaruku, akalishusha akaliziba. Katika kushusha, mfuniko ukapotea. Wakachomeka kitambaa kwenye mdomo wa tenki, na baadaye wakanunua mfuniko mwingine. Na kitambaa? Hakumbuki. "Sasa ningesemaje, binti yangu? Yule kaoa mtoto wangu. Nikisema kaniharibia gari, maneno yanafika mpaka ndani."

Nikaingia chini, nikashusha tenki. Ndani kulikuwa na fulana iliyochanika, nyeusi kwa dizeli. Pikapu ikipanda na mzigo, injini inavuta mafuta kwa nguvu, fulana inajibandika kwenye bomba na kuliziba. Injini ikizima, fulana inaachia, inaelea, na mafuta yanapita tena. Ndiyo hiyo tu. Ambakisye aliinyanyua ile fulana mbele ya watu, akacheka mpaka akakohoa, na wote wakacheka, hata Mzee Hamisi mwenyewe. Mimi sikucheka; nilienda nyuma ya choo nikasimama huko peke yangu.

Kwa sababu nilikuona wewe, Mama. Nilikuona umekaa kwenye kile kitanda cha kupimia, daktari anakuuliza kwa upole jeraha la titi limeanza lini, nawe unamwambia ni la juzijuzi tu, mafuta ya moto yalikurukia ukipika. Akakuuliza kama umetumia dawa yoyote. "Hapana, mwanangu." Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika mkoba wako, nikaamini. Nilimkasirikia daktari alivyotikisa kichwa. Niliona anakudharau.

Siku ya kukuosha kabla ya mazishi ndipo nilipoona vizuri. Jeraha lilikuwa limeshika rangi ya unga fulani wa mizizi mpaka kwapani. Mama mdogo akasema, bila kunitazama, kwamba mlikuwa mnalifunga dawa tangu msimu wa nyanya wa mwaka uliotangulia, iliyotoka kwa mama mmoja mganga wa kule kwenu Ilula. Mwaka mzima na zaidi. Mwaka mzima ulikuwa hapa, hatua chache kutoka kwenye shimo langu, unasonga ugali kwa mkono mmoja. Na kila nilipokuuliza ulisema, "Nimechoka tu."

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuiombea itoke, haitoki. Watu wasiokuhusu uliwatoa siri zao kwa sahani ya maharage, mimi mwanao ukaniachia uongo. Tungewahi? Sijui. Daktari alisema tumechelewa, hakusema tumechelewa kwa kiasi gani, nami sikuthubutu kuuliza. Swali hilo linaamka na mimi, linalala na mimi.

Na pale Ilula, kabla ya kukushusha kaburini, ikasomwa historia ya marehemu. Umezaliwa wapi, umebatizwa lini, umeacha mtoto na mjukuu, na mwisho, "aliugua kwa muda mfupi." Watu wakaguna kwa huzuni. Mama mdogo ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, watu wasipate la kusema. Nikasimama na jembe mkononi nikisikiliza, nikaacha ipite.

Sasa sikia la kwangu. Nilipougundua huu uvimbe nilimpigia mama mdogo. Hakulia. Alituma tenga la nyanya kwa basi, na katikati ya nyanya kulikuwa na kopo lenye unga uleule. Nami nimekuwa nikiupaka. Najua, Mama. Mikono hii ndiyo iliyokuosha, macho haya ndiyo yaliyoona, na bado nikaupaka. Ukiupaka unahisi kuna kitu kinafanyika, na hulazimiki kumtazama mtu usoni akakuambia. Kwa hilo nakuelewa. Hasira ipo palepale, lakini nakuelewa.

Juzi natoka bombani, Neema akaniuliza, "Mama, mbona ndoo unabeba kwa mkono mmoja?"

Nikamjibu, "Nimechoka tu."

Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti yako kabisa. Nikamwona anavyonitazama, na nikaona dakika ileile alivyoamini. Akaja akaishika ndoo upande wa pili, tukaibeba wote mpaka mlangoni, anaimba wimbo wa shuleni.

Kesho naenda hospitali. Nimemwomba Ambakisye ruhusa. Aliuliza naumwa nini, nikamwambia nitamweleza nikirudi. Nitalibeba lile kopo. Nitaliweka mezani kabla sijaulizwa kitu. Nitasema uvimbe ulianza lini kweli, nimepaka nini, na nani alinipa. Sitaki mtu anifungue huku na huku akitafuta kitu ambacho mimi nakijua.

Na wataniuliza kama kwenye familia yuko mwingine aliyewahi kuugua hivi. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama siku zote hizi. Kusema la kwangu ni kufukua la kwako, ambalo wewe na mdogo wako mlilifunika, likasomwa kwa uongo mbele ya watu wote, likafukiwa. Ndiyo maana nimekuja kukaa hapa kwenye benchi lako. Sikuja kuomba ruhusa. Najua ungeninyima, ungesema mambo ya mwilini mwa mtu si ya kupeleka kwa watu. Nimekuja kukuambia wewe kwanza, usije ukalisikia kwa wengine: kesho nitataja jina lako.

Naogopa. Sijawahi kukuambia hivyo nikiwa mtu mzima, lakini naogopa, Mama. Yawezekana nami nimechelewa. Naushika huu uvimbe mara nyingi kwa siku, naupima kwa vidole kama ninavyopima beringi inayolegea, na kila siku najidanganya kwamba ni uleule, haujakua. Umekua. Nikitazama chini ya benchi naona mawe yako ya jiko bado yapo, meusi, kijana wa chipsi hajayatoa. Nimemwambia asiyatoe.

Basi nakuaga. Pumzika huko Ilula, na ukisikia mama mdogo amenikasirikia, mwache anikasirikie. Nikija kupalilia kaburi lako nitamtafuta tuongee, aende akapimwe, maana naye ana titi, naye ni wa tumbo moja na wewe.

Na ninakuahidi jambo moja. Kesho jioni, wakiwa wameniambia zuri au baya, nitapika maharage, nitamketisha Neema, nitamwekea sahani, nami nitamweleza yote tangu siku ilipoanza. Wewe nilikujua siku ya kukuosha. Yeye mimi atanijua ningali hai.

Mwanao,
Sekela