Jina Langu Kwenye Karatasi ya Mjapani

Dada Zuwena, shikamoo. Nimefika Maskati salama, lakini kadi hii nampa msafiri akuletee Mombasa mkononi. Posta nnaiogopa, isije ikasomwa njiani.

Juzi alasiri hapa Matrah, bandarini Maskati, mchoraji mmoja wa Kijapani alishuka melini akakaa kitako karibu na ngome. Akasugua wino juu ya jiwe, akatandika karatasi ya kwao, iliyotengenezwa kwa mikono kutokana na magome ya mti, laini kama kitambaa. Akapiga mistari mitatu minene tu, nami nikauona mlima mzima!

Askari akatujia. "Hii ramani ya ngome!"

Mjapani hajui Kiarabu. Mimi nna Kiingereza cha skuli, nikajitia kimbelembele kuwatafsiria. "Wallahi ni mlima, sheikh."

"Basi mdhamini wewe. Andika jina lako hapa kwenye mchoro."

Nikaandika. Karatasi ikaunywa wino papo hapo, haufutiki tena. Mjapani akaachiwa arudi melini, na karatasi akaondoka nayo askari.

Tangu hapo kila ukigongwa mlango nnadhani ni askari wamekuja kunichukua. Mama usimwambie. Mwambie nnakula halua na nimenenepa. Wewe niombee dua, dada yangu.

Nduguyo akupendaye,
Nassor